Kiwiko cha Sweta ya Sele

Nakumbuka asubuhi moja ya kipupwe, mwanangu, nimeketi kizingitini mwa nyumba yetu ya Mkunazini, sweta ya mdogo wangu Sele iko mapajani, nami naivuta huku na huku ili tundu la kiwikoni lisionekane. Nilikuwa msichana bado. Baba alishatangulia, mama akamfuata, na mimi mkubwa wao nikaacha shule nibaki na Sele na Raya. Mchana kutwa nilishona kofia za kuuza, baada ya kofia nipike, baada ya kupika nifue. Uchovu wa siku zile haujanitoka mpaka leo. Nikikaa kitako nausikia uko palepale, miguuni.

Lakini sikuuogopa uchovu. Nilimwogopa Ami Makame, mdogo wake baba, mtu wa Kizimkazi. Siku ya hitima ya mama wazee walikaa wakatugawa, kama walivyozoea kuwagawa watoto waliofiwa: Sele aende kwa ami yake, Raya aende kwa shangazi kule Matemwe, na mimi niozwe. Nilikataa. Nililia mpaka sauti ikakauka. Ami akasema, "Haya, kaeni. Lakini nitakuja kuwatazama. Nikiona mnadhalilika nawachukua, na siku hiyo usinililie tena."

Akawa anakuja. Na asubuhi hiyo ninayokwambia, Ijumaa, mtu wa kwao aliyeleta samaki sokoni alinipa habari kuwa Ami yuko njiani, na safari hii amebeba mkoba mtupu wa ukili, wa kutilia nguo za Sele.

Sele alikuwa na pumu. Kipupwe kikiingia kifua kinambana, anakohoa usiku na mchana, na nguo yake ya joto ilikuwa hiyo moja. Mama aliifuma mwenyewe akiwa mgonjwa. Alianzia begani akashukia kwenye viganja, na mikono aliifanya mirefu, ikunjwe, ili mtoto akikua ikunjuliwe. Ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yake.

Basi mimi, fundi wa kofia, nikajiona najua. Nililishona tundu kama ninavyoshona kitambaa: nikaleta ukingo kwa ukingo, nikakaza uzi. Likakunjamana. Nilipomvisha Sele akakunja mkono, ikachanika pembeni, tundu kubwa kuliko la kwanza. Nikamvua, nikaanza tena kukaza.

Bi Mize akatokea. Huyu alikuwa jirani yetu, mjane, nyumba yake na yetu ukuta mmoja. Nilikuwa nikimwamkia tu na kupita. Akiniuliza hali nasema hatujambo. Siku tuliyokosa unga nilifunga mlango ili asione kuwa jiko halikuwashwa.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Unafanya nini hapo, unafunga mdomo wa gunia la karafuu?"

"Naziba tundu."

"Huzibi, unalinyonga. Lete hapa."

Akakaa kando yangu, magoti yakimlia. Akaufumua uzi wangu wote bila ya kuniomba ruhusa, kisha akamtuma Raya alete upawa jikoni. Akauingiza upawa ndani ya mkono wa sweta, kifuu chake kikakaa chini ya tundu, na tundu likalala wazi juu yake. Akanionyesha vitanzi vya sufu vilivyoachia.

"Hiki si kitambaa," akasema. "Hivi vimeshikana kimoja na chenzake. Kimoja kikiachia, cha juu yake nacho kinaachia. Kwanza vikamate hivi, vyote, hata kile kidogo. Kisha anzia mbali, huku palipo pazima, ndipo uje kwenye tundu. Na usikaze. Mtoto ana kiwiko, atakunja mkono."

"Ndiyo, Bi."

"Na uzi huu wa kofia uweke kando. Mgumu, utaikata sufu. Tafuta sufu."

"Madukani haipo, Bi Mize. Hata sukari tunapangia foleni."

"Nshajua haipo madukani. Ipo hapa." Akagusa lile kunjo la mikono.

Nikaishika sweta kwa nguvu. Nikamwambia hapo hapaguswi, mama alipaacha kwa ajili ya mbele, na mimi nataka kazi yake ibaki kama alivyoiacha. Bi Mize hakuwa mkali, mwanangu, na ndiyo maana maneno yake yaliniingia.

"Mama yako alifuma ili mtoto apate joto. Hakufuma uje kuiweka sandukuni."

"Mwakani itamfupia."

"Mwakani tutajua la kufanya. Mtoto anakohoa leo." Halafu akaongeza, akiitafuta ncha ya uzi kwenye kunjo, "Na mbona hujaja kwangu siku zote hizi?"

"Sikutaka watu wajue."

"Wajue nini? Ukuta wenyewe mmoja huu. Kikohozi chake nnakisikia kabla yako."

Nilitazama sufu ya mama ikifumuka, imejipindapinda kama nywele, na machozi yakanitoka kimya kimya. Bi Mize akaninyooshea sindano. Alipitisha mistari ya mwanzo ya uzi juu ya tundu, iliyobaki akaniachia, na kila nikikaza alinigonga vidole.

Ami Makame alifika baada ya sala ya Ijumaa. Aliuweka mkoba wake juu ya mkeka, akamwita Sele, akamwambia nyoosha mkono. Akapapasa kiwiko kwa kidole gumba, polepole, maana hata ukilitililia tundu kwa nyuzi vizuri vipi, mkono unalijua.

"Kunjo la mikono limefupika," akasema. "Nani kakufundisha hivi? Si mama yako, marehemu hakuwahi kukukalisha ukafuma."

"Bi Mize. Jirani."

"Kwani mna jirani?" Aliuliza kweli, hakunidhihaki. "Kila nikija mlango umefungwa. Nikiuliza, hatujambo, hatujambo. Nikasema hawa watanifia humo ndani, nije niitwe kuzika."

Bi Mize alikuwa uani kwetu, anamchemshia Sele tangawizi. Akajibu kutoka kulekule: "Kunywa chai yako, Makame, upande gari la shamba. Watoto wana mtu."

Ami akanywa chai. Kisha akauchukua mkoba wake vilevile mtupu, akaniambia, "Nikikuuliza tena hali, nambie hali." Akaondoka bila Sele. Nilidhani ningefurahi. Nilijilaza sakafuni nikalala mpaka alasiri, kama mtu aliyepigwa, na Raya ndiye aliyepika siku hiyo.

Nimewalea wote wawili, mwanangu, na mimi sikurudi shule. Silalamiki, ila nimechoka, na aliyechoka hana haja ya kukupamba kwa maneno. Kwa hiyo nisikilize. Nguo ya kufuma ikitoboka, ishughulikie siku hiyohiyo, ikiwa bado ni kitanzi kimoja tu kilichoachia. Usivute ukingo kwa ukingo ili watu wasione. Utapachana hata pale palipokuwa pazima. Waliotangulia wakikuachia kitu, kitumie kwa walio hai, hata kama ni lazima ukifumue. Na nyumba ikiwa na shida, gonga mlango wa pili. Mimi nilidhani kuficha ndiko kutakakotuweka pamoja, na kumbe kuficha ndiko kulikotaka kututenganisha.

Mwenyezi Mungu akupe mikono isiyokata tamaa na watu wa kuketi nao kazini. Akuwekee ndugu zako karibu, na siku utakayolemewa, akuondolee haya ya kusema umelemewa. Amin, mwanangu.