Wiki Moja Bila Enid Mlimani

Wifi yangu Enid Tyson hajui kukaa. Ukimpa kiti anakaa ukingoni kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari, na chai yake anainywa akiwa amesimama mlangoni, macho yakiwa mlimani. Miaka thelathini na miwili nimeishi naye nyumba moja, kwanza kama mke wa kaka yake Harold, kisha kama mjane wa Harold, na siku zote hizo sijamwona akimaliza kikombe bila kutoka nje mara mbili. Nasema haya ili mjue alijitia adhabu gani mwaka ule, aliposimama mbele ya watu na kuahidi kwamba atakaa wiki nzima bila kukanyaga Ulfhow.

Ulfhow ni mlima wetu, sisi na jamaa wengine wanaochunga huko. Hauna uzio wala ukuta. Kondoo zetu wanakula upande wa kaskazini mpaka kwenye kijito, na ng'ambo ya kijito ni kwa Joss Fearon. Kijito chenyewe hata kuku anakiruka. Kinachowazuia kondoo si maji, ni malezi. Mama alizaliwa upande huu, bibi alizaliwa upande huu, na kila jike humtembeza mwanawe humo humo tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana huku kwetu mtu akiuza shamba la mlimani anauza na kondoo wake, maana wao ndio uzio.

Halafu ukaja mwaka wa ugonjwa wa miguu na midomo. Kondoo zetu walikuwa wameshushwa bondeni kula nyasi za kukodi, na ugonjwa ukaonekana kwa jirani wa huko. Wetu hakuugua hata mmoja, lakini amri ilikuwa wote wauawe, wakauawa siku moja, mia tatu na zaidi. Wale wa Joss walikuwa juu, wakapona. Enid hakulia. Alikwenda kusugua zizi ambalo lilikuwa safi tangu jana yake, akasugua mpaka vidole vikatoka damu.

Majike aliowanunua baadaye walikuwa na sura nzuri na akili ya wageni. Ukiwaachia mlimani asubuhi, jioni wako kwa Joss, au barabarani, au makaburini wakitafuna maua ya marehemu. Enid akaanza kuwalea upya. Kila alfajiri alipanda na mbwa wake Moss kuwarudisha upande wetu, na kila jioni alipanda tena. Miaka mitano, mvua na barafu. Wanakondoo waliozaliwa wakawa mama, na wao wakazaa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, alikuwa akiniambia, huku akikung'uta matope jikoni kwangu nilipotoka kupiga deki.

Joss Fearon ana miaka sabini na hajaoa, na ulimi wake ungenyoa ndevu. Yeye na Enid wanagombana tangu shule. Mwishoni mwa Aprili, kwenye mkutano wa wachunga kondoo katika ukumbi wa kanisa, alisubiri mpaka mkate wa tangawizi umezunguka watu wote, ndipo akasema.

"Dada Enid, mimi nimevumilia miaka mitano. Lakini hao wako si kondoo wa mlima. Ni kondoo wa fimbo. Siku ukivunjika mguu, wote wako sebuleni kwangu."

"Sebule yako hata panya wameihama, kondoo watafuata nini?"

Ukumbi ukacheka. Joss hakucheka, akaendelea kukoroga chai yake. "Waachie wiki moja. Wewe usipande, mbwa asipande, wala huyu wifi yako asipande kukupelelezea. Wakikaa kwao, sitasema tena mpaka nazikwa. Wakishindwa, waondoe mlimani."

Kuwaondoa mlimani ni kufunga shamba. Viwanja vyetu vya chini haviwezi kulisha hata kondoo sitini, na kila mtu pale alilijua hilo, ndiyo maana kicheko kilikatika. Nikamvuta sweta chini ya meza. Akauondoa mkono wangu.

"Wiki moja," akasema. "Tutaanza Jumamosi ya pili ya Mei, siku wanakondoo wanapopanda."

Na Mei gani ile. Baridi ilikuwa imetukalia hata tukadhani imehamia moja kwa moja, kisha kila kitu kikaja kwa pamoja, kama wageni waliopanda basi moja. Ndege sululu walirudi na midomo yao mirefu iliyopinda, wakawa wanapanda angani na kushuka wakilia ule wimbo wao unaopanda na kutetemeka, mpaka mtu unasahau ulikwenda shambani kufanya nini. Sungura wa mashambani walisimama kwa miguu ya nyuma katikati ya uwanja wakizabana makofi, madume wakifukuza, majike wakikataa. Mbayuwayu walifika kutoka kusini ya mbali kabisa ya Afrika, wakaingia ghalani kupitia dirisha lile lile lililovunjika. Kipozamataza akaimba juu sana asionekane. Nami mjane mzima nilijikuta nikikimbia na ndoo ya maji bila sababu yoyote.

Jumamosi ile tulifungua lango. Majike mia mbili na wana wao, kila mmoja na doa la buluu mgongoni, alama yetu (wa Joss wana jekundu), walipanda wakiitana kwa kelele ambazo hata kanisani zilisikika. Wanakondoo walikuwa wanaruka kwa miguu yote minne, wanaanguka, wanasahau mama ni yupi, wanalia, wanaruka tena. Enid alisimama langoni akimshika Moss shingoni. Wa mwisho alipopita akafunga lango, na yeye akabaki upande wa huku.

Siku tatu za kwanza alinimaliza. Alipaka rangi milango, akaifuta kwa kuwa rangi haikumpendeza, akapaka tena. Alifua mapazia ambayo yalikuwa hayajamkosea. Kila baada ya robo saa alishika darubini, lakini bega la mlima linakificha kijito, na kutoka kwetu huoni kitu ila juu kabisa kwenye mawe. Moss alikuwa amefungwa, akatulalamikia mchana kutwa.

Jumanne mchana Joss alipita na pikipiki yake ya magurudumu manne, akasimama bila kuzima injini.

"Dada Enid, nina swali. Kondoo zako jioni wanasimama pale kijitoni, wamejipanga mstari, wanatazama. Wanasubiri nini?"

Nilimwona Enid akibadilika rangi. Alikuwa na brashi mkononi, akaishusha taratibu.

"Uliwalishia wapi msimu wa baridi?" Joss akauliza.

"Pale pale. Mpakani." Akaiweka brashi juu ya kopo. "Nilitaka wajue kwamba kijito ndio mwisho."

"Basi wewe umewafundisha kwamba kijito ndio ndoo ya chakula." Joss akatikisa kichwa, na safari hii sikuona kejeli usoni mwake. "Kila jioni wanakuja kula, hawakuoni. Wakichoka kungoja, watavuka kuja kuniuliza mimi. Kwa nini hukuwalishia katikati, kama mzee wako alivyokuwa akifanya?"

Joss alipoondoka, Enid aliketi kwenye ngazi, akaketi kweli, mgongo ukagusa ukuta. Miaka mitano ya alfajiri, na kosa lake ni la bidii. Angekuwa mvivu, angemwaga chakula popote na kurudi kulala. Nilimhurumia mpaka nikamkasirikia. Nikamwambia ale, hakula.

Alhamisi theluji ikaanguka. Theluji ya Mei huku si ajabu, lakini mwaka ule niliichukua kama tusi. Asubuhi maua ya miti ya matunda yalikuwa yamefunikwa, na upepo ulikuwa unatoka kaskazini moja kwa moja. Ghalani mbayuwayu walijibanza juu ya boriti, kumi na tano bega kwa bega, wamefura manyoya. Nilijua kabla Enid hajasema. Upepo wa kaskazini huwasukuma kondoo kusini, na kusini ya kijito, kwa Joss, kuna bonde dogo lenye kinga nzuri kuliko sehemu yoyote ya mlima.

Nikaenda nikachukua viatu vyake nikavitia ndani ya oveni iliyopoa.

"Wifi, viatu vyangu viko wapi?"

"Sijui."

"Dinah. Wanakondoo wana wiki tatu. Watakufa."

"Mama zao wana manyoya. Wewe una nini? Na ukipanda leo, wasipokufa wataondolewa tu. Kaa chini."

Alinitazama kwa jicho ambalo Harold, Mungu amrehemu, aliwahi kunionya juu yake. Kisha akakaa kwenye kiti changu, katikati ya kiti, akashika magoti kwa mikono miwili. Tulikaa hivyo mpaka mchana. Nilipika viazi na nyama, tukavitazama vikipoa.

Jumamosi jua lilitoka kana kwamba halikuhusika na lolote. Joss alikuja saa mbili asubuhi, amevaa kofia ya kanisani, tukapanda watatu bila mbwa. Theluji ilikuwa inayeyuka kila upande, maji yakiteremka chini ya miguu yetu, na sululu walikuwa wameanza tena kana kwamba wanalipa nyimbo za siku mbili walizokosa. Enid alikwenda mbele.

Tulipofika begani tukaona upande wetu wote, kutoka kwenye mawe mpaka kijitoni. Ulikuwa mtupu. Hakukuwa na kondoo hata mmoja.

Ng'ambo, katika lile bonde dogo la Joss, walikuwa wamejaa. Wekundu wa Joss na wa buluu wetu, wamechanganyika, wamelala wakicheua.

Tukateremka. Enid alisimama ukingoni mwa kijito, nami nikaona mabega yake yakishuka. Joss akavua kofia, akaishika tumboni. Akafungua mdomo, na nilijua atasema nini, nikamchukia mapema.

Ndipo jike mmoja wa buluu aliposimama. Alijinyoosha, akajikung'uta maji, akaita mara moja. Mwanawe akatoka kati ya wekundu akikimbia. Jike akaanza kutembea, polepole, akinusa huku na huku, mpaka kijitoni, akavuka. Mwana akasita, akaruka, akatumbukia nusu, akatoka akipiga chafya. Wakapanda upande wetu. Nyuma yao akasimama mwingine, kisha watatu, kisha sikuweza tena kuhesabu.

Enid alikuwa ameweka vidole viwili mdomoni kupiga mluzi wa kuwaita. Nikamshika mkono.

"Usiite," Joss akasema kwa sauti ya chini. "Waache."

Enid akauma glavu yake. Walipita kushoto na kulia kwetu, majike na wana, wakifuata vijia vyao vyembamba, na mpakani pale, palipokuwa na ndoo majira yote ya baridi, hakuna aliyesimama. Enid alikuwa amevaa koti lile lile la kulishia. Jike mmoja alimgusa goti kwa ubavu akapita, kama anavyopita penye jiwe. Wekundu walibaki bondeni kwao wakicheua.

Joss alingoja mpaka wa mwisho amevuka. "Theluji ikija kila mnyama hutafuta kinga," akasema. "Wangu nao hushuka. Shida si kushuka, ni kutorudi." Akavaa kofia yake. "Mwenda kwao si mtumwa. Haya, dada Enid, mimi nimeshanyamaza."

Enid hakumsikia. Alikuwa anatazama mlima ukijaa madoa ya buluu, machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni, na glavu bado iko mdomoni. Akaitoa.

"Wifi, umeona? Hakuna hata mmoja aliyenitazama," akasema, akicheka na kulia kwa pamoja. "Hata mmoja."