Niliisimamisha Video ya Bunge, Nikavunja Nyumba Yangu

Nimekosa mimi. Simsingizii shetani wala pombe, maana pombe sinywi. Jina langu niacheni nalo, Bariadi ni mji mdogo.

Mimi ni fundi cherehani, na Bunge ndiyo ugonjwa wangu. Simu naiegemeza kwenye cherehani, naingia mtandaoni kwenye hifadhi ya video za Bunge, natafuta kikao cha juzi au cha mwaka jana, nasikiliza huku nashona. Kipindi cha maswali na majibu nakijua kama wenzangu wanavyojua mpira. Wateja wakaniita Mheshimiwa, na mimi, mjinga, nikavimba kichwa!

Mke wangu, Mama Kulwa, alikuwa kijijini kwetu na pacha wetu, Kulwa na Doto, akilima pamba. Mwaka ule mbegu hazikuota. Tangu biashara ya pamba iachiwe huria, kila mwenye gari alikuwa analeta mbegu zake, na zile zikaozea ardhini. Wanawake wa kijiji wakaunda kikundi ili kilio chao kifike Bungeni. Mama Kulwa akaniomba ruhusa ajiunge.

"Mke wangu hazururi na wanasiasa," nikamwambia. "Siasa niachie mimi."

Hakubisha. Wiki chache baadaye akaniaga kwamba anakwenda Nyashimo, dada yake amejifungua. Nikamruhusu. Alikaa siku tano, akarudi.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa napinda sare za shule, simu inaonyesha kikao cha wiki ile. Kamera ikageukia jukwaa la wageni. Jamani! Nililiona gauni kabla ya sura. Kitenge cha njano, kola niliyoishona kwa mikono yangu. Mama Kulwa, yuko Dodoma! Pembeni yake mwanaume wa koti anamwinamia sikioni, na mke wangu ameziba mdomo, anacheka.

Nikaisimamisha video palepale. Sikuangalia hata sekunde moja mbele.

Jioni nikapanda bodaboda mpaka nyumbani kijijini.

"Dada yako hajambo?"

"Hajambo. Na mtoto ananyonya vizuri."

Alinidanganya kwa macho makavu. Nami nikatabasamu! Nikamwambia kesho tuwapeleke watoto Mwandoya kwa wazazi wake, wakawasalimie babu na bibi yao. Akafurahi, maskini. Alfajiri akawaogesha, akawapaka mafuta. Hakujua kwamba kaka zangu wawili walikuwa wametangulia huko kuitisha kikao cha ukoo.

Tulipofika, mbele ya ukoo wao wote, nikamshikisha mkwe wangu simu.

"Baba, huyu ni nani?"

Mzee akaisogeza kwenye jicho lake linaloona. "Ni binti yangu."

"Na huyu mwanaume?"

Mzee akamgeukia binti yake. Mama Kulwa akapiga magoti kwenye vumbi. "Baba Kulwa, nilikudanganya safari, nisamehe. Lakini acha video iendelee. Usiishie hapo. Utasikia mwenyewe nilifuata nini."

"Tumeona ya kutosha!" Nikamzaba kofi mbele ya mama aliyemzaa. Doto akaangua kilio, nikamfokea.

Nikadai ng'ombe wangu wa mahari, wote. Mkwe wangu akaniambia taratibu, "Mkwe, fikiri kwanza. Mila unaijua. Ukiondoka na ng'ombe wote, watoto wanabaki kwetu."

"Wabaki! Kwanza nani anajua kama ni wangu?"

Pacha walikuwa na miaka saba. Walisimama mlangoni, wakasikia kila neno. Siku ya tatu mimi na kaka zangu tukaswaga ng'ombe, sikugeuka nyuma.

Wanawake wenzake wa kikundi walinifuata mpaka kwenye cherehani kunieleza. Niliwafukuza. Niliwaambia wote lao moja, wanamfichia mwenzao umalaya. Ndiyo, nililitamka neno hilo kwa sauti, sokoni, watu wakacheka.

Msimu mwingine ulipoanza, wazee wawili wa kijijini wakaja kwenye kibanda changu.

"Mheshimiwa, safari hii tumeletewa mbegu nzuri. Wake zetu wanasema kuna siku tulitetewa Bungeni. Tutafutie tuone."

Nikaandika "mbegu za pamba". Ikaja tarehe ileile. Nilitaka kuizima, lakini wazee walishakaa kwenye benchi. Nikaiacha iende.

Dakika mbili! Dakika mbili tu mbele ya pale nilipoisimamisha, mwenyekiti wa kikao akatangaza wageni: wanawake wakulima wa pamba pamoja na bwana shamba wao. Wakaombwa wasimame. Mama Kulwa akasimama na wenzake, na yule wa koti naye akasimama. Ndiye bwana shamba!

"Alikuwa anawatafsiria kwa Kisukuma," mzee mmoja akasema. "Mke wangu yule pale nyuma. Kiswahili cha Bungeni kiliwashinda."

Kisha mbunge akauliza swali lao. Akasema yupo mama wa pacha aliyepanda shamba hilohilo mara tatu, mpaka mumewe akamwita mvivu.

Nilimwita hivyo, tena si mara moja.

Wazee hawakunitazama. Mmoja akachukua kofia yake, wakaondoka bila kuniaga.

Kesho yake nikaenda Mwandoya. "Mwangaluka, baba," nikamwamkia mkwe kwa Kisukuma. Akaitikia, akanipa kigoda, akaingia ndani. Mama Kulwa akatoka, mikono ina unga.

Nikalia. Nikamwambia nimeiona yote, arudi, ng'ombe nitawarudisha leo hii.

"Kulwa aliniuliza yeye ni mtoto wa nani," akasema. "Babu yake akamjibu, akamwambia ni wake. Siku hizi ndiyo anapata usingizi usiku. Usimvuruge tena."

Pacha wakatoka shule wakanikuta uani. Doto akaniamkia "Shikamoo" kama anavyomwamkia mgeni yeyote, akapita. Kulwa akapita ndani kwa babu yake.

Wanaume wenzangu, mke akipiga magoti akaomba asikilizwe, msikilize, hata kama unadhani umeshajua yote. Akikudanganya, jiulize kwanza ulimfungia mlango gani. Na usiwatamkie watoto neno usiloweza kulirudisha! Mimi nilimnyima mke wangu dakika mbili. Mwaka huu nimeambiwa pacha wameandikishwa upya shuleni, kwa jina la babu yao.