Firigisi Mbili na Nusu

Ile siku niliyokula firigisi mbili na nusu kabla ya kazi kuisha pale Mabanga bado naikumbuka, mwanangu, na tumbo langu pia linaikumbuka. Nakusimulia kwa sababu umeniambia wamekuita Bungoma ukaigize kwenye filamu, wewe uliyezoea runinga ya hapa Kitale tu. Keti kwanza. Chai ipo.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini, lakini ndevu zangu zilipakwa unga wa ngano nikawa baba wa watu. Tamthilia yetu tuliitengenezea katika sebule ya kukodi, nyuma ya duka la Wahindi hapa mjini. Kamera tatu, kila moja na upande wake, na maonyesho kumi kabla ya jua kutua. Ulimi ukiteleza, unasonga mbele. Hakuna wa kukungoja, kipindi kinatakikana wiki ijayo. Na kama onyesho lilikuwa la chakula, tukimaliza tu, sufuria ni yetu waigizaji. Hakuna aliyeuliza.

Basi nikaitwa Mabanga, huko huko upande wa Bungoma, kwenye filamu. Nilienda nikiringa, si nilikuwa nimeshaonekana kwenye runinga bana! Onyesho langu la maana lilikuwa moja tu: baba analetewa kuku, anachukua firigisi, na badala ya kuila peke yake kama desturi yetu ilivyo, anaikata vipande viwili na kumpa binti yake nusu. Binti alikuwa Nafula, msichana wa Kiminini, na hilo ndilo onyesho pekee alilopewa. Mama yake alikuwa ameshatangazia kanisa zima.

Kamera ilikuwa moja, imesimama mbali mlangoni. Nikakata, nikampa Nafula, tukatafuna, tukameza. Mwelekezi, mama mmoja mpole, akasema vizuri sana. Mimi nikajua yamekwisha! Nikaingia jikoni, nikakuta firigisi mbili zimefunikwa kwenye sahani. Nikazila zote, nikalamba na vidole.

Niliporudi, wanasogeza kamera karibu na kiti changu.

"Tunarudia," mwelekezi akasema. "Sasa tunataka uso wako, halafu uso wa Nafula. Leteni firigisi ya pili."

Wee! Nilitamani ardhi inimeze. Kuku mmoja ana firigisi moja tu, na zile nilizokula ndizo zilizowekwa kwa kurudia. Mwelekezi akatazama mwanga wa dirishani uliokuwa umelala juu ya meza. Akasema jua likiondoka pale kabla hatujamaliza, onyesho lote analitupa, maana kesho wenye nyumba wanarudi. Nafula hakunitukana. Aliinamisha kichwa tu, na hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli.

Mama Naliaka, mzee aliyekuwa na kazi ya kuandika daftarini kila tulichofanya, akanivuta kando.

"Kijana, ulikata kwa mkono gani?"

Sikujua.

"Ulimwangalia binti kabla ya kumpa, au baada?"

Sikujua.

"Kule kwenu Kitale ukishafanya, imepita. Hapa ukifanya, ndiyo tunaanza. Huyu msichana ataigiza na nani, kama wewe hukumbuki umemfanyia nini? Sasa toka, tafuta kuku!"

Nilitoka mbio, unga unanidondoka kidevuni. Jirani, mama aliyekuwa anaanika mahindi, akanitazama toka juu hadi chini.

"Ati unataka kuku mzima juu ya firigisi tu? Wewe mzee uko na shida gani?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akakamata jogoo wawili, kwa sharti kwamba na yeye aje kutazama. Lakini firigisi haiivi haraka, mwanangu, na jua halikuwa na subira. Zilitoka jikoni ngumu kama soli ya akala za tairi.

Nikakata kwa mkono wa kulia, kama daftari lilivyosema, nikamwangalia Nafula kwanza, nikampa. Halafu nikaanza kutafuna. Nilitafuna mpaka machozi yakanitoka. Kisha kamera ikamgeukia Nafula, nami nikamfanyia yote vilevile, polepole, ingawa sikuonekana hata ukucha. Aliigiza vizuri ajabu. Tulipomaliza, mwanga ulikuwa umebaki pembeni mwa meza, upana wa kiganja.

Filamu ilipoonyeshwa ukumbini Bungoma, mama yake Nafula alisimama akapiga vigelegele. Watu walinishika mkono wakisema yule baba amelia kwa upendo. Niliwashukuru tu. Mama Naliaka, aliyekaa nyuma yangu, alikohoa.

Kwa hivyo mwanangu, runinga usiidharau. Ndiyo iliyokufundisha kufika mapema na kushika maneno upesi, na Bungoma utayahitaji yote mawili. Lakini ile haraka iache hapa Kitale. Kumbuka mkono wako ulikuwa wapi. Na kamera ikimgeukia mwenzako, mpe moyo wako wote kama uliotoa ulipokuwa unaonekana wewe, hata kama ni mara ya kumi na njaa inakuuma. Hapo ndipo watakapokujua wewe ni mtu wa namna gani.

Mungu akutangulie njiani, akupe watu wema wa kufanya nao kazi, na uso wako uwafurahishe hata wasiokujua. Nenda kwa amani. Na ukikuta chakula kimefunikwa jikoni, tafadhali, uliza kwanza.