Gari la Daktari wa Meno

Shangazi yangu aliuza magari ya kifahari yenye mbio karibu nusu ya maisha yake, na mpaka leo hajawahi kumiliki hata baiskeli. Kazini walimwita Taratibu. Jina hilo lilimpata akiwa bado mpokea wageni katika duka la kampuni moja kongwe, ile ambayo picha za magari yake hubandikwa kwenye kuta za vyumba vya vijana. Siku hiyo muuzaji alikuwa anaumwa, mteja amefika, bosi hayupo. Shangazi akachukua ufunguo, akaketi kiti cha abiria, na njia nzima hakusema lolote ila "taratibu, baba, taratibu." Mteja alirudi ametota jasho, anatabasamu, akalinunua gari. Alisema hajawahi kukutana na muuzaji wa magari ya mbio anayemwomba mtu aende polepole.

Mteja huyo alikuwa daktari wa meno, mtu mfupi, mpole, mwenye mikono misafi kupita kiasi. Mkewe alikuwa na nyonga mbovu, na kushuka kwenye gari lililolala chini namna ile kulikuwa mateso kwake. Shangazi akamtafuta fundi viatu, akawashonea mkanda mnene wa ngozi, ukafungwa juu ya mlango wa abiria ili mama yule ajivute nao. Bosi angejua angemfukuza. Kwake, kutoboa tundu kwenye gari lile kulikuwa sawa na kumtoboa mtu jicho.

Alikaa pale miaka mingi. Magari aliyapenda, watu ndio walimshinda. Bosi alikuwa mzee wa kuvaa skafu hata wakati wa joto, na alimpima mtu kwa viatu vyake kabla ya kumsalimu. Siku moja aliingia mwenye mabucha, tajiri wa kweli, ametoka moja kwa moja kazini na aproni yake. Bosi alimpa mkono kwa ncha za vidole, akamwambia wanaosubiri magari ni wengi, akamsindikiza hadi mlangoni. Mgeni alipotoka tu, bosi akamwita mfanyakazi wa usafi aje apulize dawa kwenye kiti alichokalia. Mwenye mabucha alikuwa bado yuko nje ya kioo, anaona. Shangazi aliniambia chakula cha mchana siku ile alikirudisha nyumbani. Alihisi kama dawa ile imempata yeye usoni.

Ndipo kampuni changa ilipofungua duka ng'ambo ya barabara, kwenye jengo lililokuwa la magodoro. Wakongwe walikuwa wanahesabu vizazi vya mababu. Hawa umri wao haukufika wa mtoto wa sekondari. Meneja wao, kijana aliyetoka kwenye biashara ya simu, alimfuata shangazi na maneno matamu kama asali, kwamba bila yeye duka halina maana. Maneno hayo hayakumwingia. Alivuka barabara kutazama tu, na akamkuta mwenye mabucha ameketi kwenye kochi, na aproni yake, anakunywa soda na kuulizwa habari za watoto. Mwezi haukuisha, akahamia.

Na gari lenyewe la kampuni hiyo changa? Hapa shangazi huwa anapima maneno, maana hataki kulionea. Lilikuwa gari zuri. Mwili wake ulitengenezwa kwa nyuzi za kaboni, mwepesi ajabu. Ukigusa usukani limeshageuka. Ukikanyaga mafuta unahisi tumbo limebaki nyuma. La wakongwe lilikuwa na subira: ukikosea kona linakusamehe, linakurudisha njiani kama mtu mzima anayemshika mlevi mkono. Hili halikusamehe, ila halikukuficha kitu pia. Kila kokoto la barabara ulilijua kwa makalio. Mlango wa wakongwe ulijifunga kwa sauti nzito kama ya jokofu zuri, na ulinganisho huo ni wa mumewe, ambaye ni fundi majokofu. Mlango wa jipya ulifunguka kwenda juu, watu wakatoa macho, na mvua ikinyesha ulimwaga maji yote mapajani mwa abiria. Kwenye foleni kiyoyozi kilichoka kabla ya dereva. Kipuri cha wakongwe kilifika ndani ya wiki. Cha hawa kilichelewa mpaka ukasahau ulichoagiza.

Yote hayo aliwaambia wateja bila kuficha. Anayetaka gari la kwenda nalo kazini kila siku alimwelekeza avuke barabara. Anayetaka gari la kumwamsha alimpa ufunguo. Na aliuza kuliko wenzake wote, kwa sababu watu walijua akisifu kitu, kinasifika.

Meneja hakupenda. Kila Jumatatu aliwakusanya wauzaji chumba cha juu, akawafundisha maneno. Gari la wakongwe lisitajwe kwa jina, liitwe "kiti cha magurudumu." Mteja akisema baba yake aliwahi kuwa nalo, muuzaji acheke kidogo na kuuliza kama mzee bado anaweza kushuka mwenyewe. Kulikuwa na utani mwingine, wa wazee na vyoo, ambao shangazi hakuwahi kunisimulia. Alijaribu mara moja, akakunja uso kama aliyekuta nywele mdomoni. Vijana wa mauzo waliukariri. Walikuwa wanaupokezana ngazini huku wanakula, makombo yanawaruka, wanapigana mabegani. Shangazi akaanza kula peke yake nyuma, kwenye stoo ya matairi. Mumewe alimshauri azibe masikio, kazi ni kazi. Akajikaza.

Kisha likaja toleo jipya, na meneja akatangaza sherehe ya mchana kwa wateja na wapiga picha. Kutakuwa na ulinganisho, alisema, wao na wakongwe, ana kwa ana. Shangazi alifurahi kwa kweli. Alidhani wamekodi uwanja, magari mawili yatakimbizwa, kila mtu ajionee. Alikuwa ameshapiga hesabu kichwani: jipya litashinda kwenye kona, la wakongwe litashinda kwenye utulivu, na watu watabishana mpaka jioni. Alishona hata nguo mpya.

Siku ilipofika hakukuwa na uwanja. Wageni walipelekwa ua wa nyuma, wakapewa vinywaji. Katikati kulikuwa na kitu kimefunikwa turubai, na kando yake meza yenye nyundo zilizopakwa rangi ya dhahabu, kila moja na utepe mwekundu mpinini. Toleo jipya limeegeshwa juu ya jukwaa, linang'aa. Meneja akapiga makofi, vijana wawili wakavuta turubai.

Halikuwa limefunuka lote, shangazi akauona mkanda wa ngozi juu ya mlango wa abiria.

Daktari wa meno alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Shangazi alikwenda mazishini. Mjane aliliuza gari kwa dalali, na dalali hakusema anamnunulia nani. Lilikuwa limeoshwa vizuri, limepigwa hata nta, ili likipigwa lipendeze kwenye picha.

Meneja akaeleza kwamba huu ndio ulinganisho wenyewe: lile juu ya jukwaa ni kesho, hili ni jana, na wageni wote wanakaribishwa kuiaga jana kwa mkono wao. Watu wakacheka, simu zikatoka. Akasema mtu wa kwanza awe yule aliyetoka kwa wazee na anajua uozo wao kwa ndani. Akamtazama shangazi, na mtu akamtia nyundo mkononi kabla hajasema kitu. Mpini ulikuwa unanata; rangi haijakauka.

Shangazi alisogea hadi kwenye gari, akasimama.

"Hili nililiuza mimi," alisema. "Nilimwambia mwenyewe kwamba ni zuri. Sikumdanganya."

Akaiweka nyundo chini. Watu walidhani ni sehemu ya onyesho, wakampigia makofi. Kijana mmoja wa mauzo aliiokota nyundo ile ile, akaipiga taa ya kushoto.

Shangazi anasema kilichomtia kinyaa hasa hazikuwa nyundo. Chuma ni chuma. Ni nyuso. Watu wazima, wengine amewahi kuwakaribisha kwa mikono miwili, walipanga foleni na kurekebisha nywele kabla ya kupiga. Mwanamke mmoja alivua kiatu, akatoboa kioo kwa kisigino, akataka apigwe picha tena kwa sababu alifumba macho. Mwingine alimwaga kinywaji kwenye kiti cha dereva, kikatengeneza dimbwi pale daktari alipokuwa akikaa. Mmoja akatema mate ndani, akaangalia pembeni kuona nani amecheka. Na walicheka wengi. Mwenye mabucha pia alikuwepo. Alipiga boneti kwa nguvu zote, na shangazi, ambaye angeielewa hasira yake, alimwona akigeukia kamera kabla hata nyundo haijatulia.

Alikimbilia ndani, akatapika kwenye sinki la chooni, akiwa na ile nguo yake mpya.

Alipotoka alimkuta fundi mkuu wa kiwandani, mtu aliyesafiri kuja kulileta toleo jipya, ameketi kwenye ngazi na glasi ambayo hajainywa. Shangazi akaketi ngazi ya chini yake. Kelele za ua zilisikika vizuri.

"Sisi tulilifungua lote," fundi alisema. "Gari kama hilo hilo. Mwaka wa kwanza tulilitandaza sakafuni, tukajifunzia. Bila hilo, letu halingekuwepo."

"Umemwambia meneja?"

"Alisema nisiseme mbele ya wageni."

Shangazi alimngoja ainuke, arudi uani akasema. Hakuinuka. Alikunywa ile glasi, akaagiza nyingine. Hata huyo shangazi alimkinai.

Aliacha kazi siku hiyo hiyo. Habari zikavuka barabara haraka, na bosi wa skafu akamwita. Alikwenda akidhani huyu angalau ataumia. Maisha yake yote mzee huyo alikuwa ameyafuta vumbi magari yale kwa pumzi. Bosi alikuwa mchangamfu kuliko alivyowahi kumwona. Aliitazama video ya sherehe mbele yake, akasema afadhali, lile lilikuwa limetobolewa mlangoni na halikuwa tena na hadhi. Kisha akamwahidi kazi yake ya zamani, na zaidi, ikiwa atakaa mbele ya kamera, alie kidogo, aeleze jinsi washamba wa ng'ambo walivyo. Neno kulia alilisema kama mtu anayeagiza chai. Shangazi aliinuka. Anasema kile kiti alichokikalia bila shaka kilipuliziwa dawa.

Aliyebaki ni mjane. Shangazi alisita siku kadhaa, mwishowe akaenda kumwomba radhi, ijapokuwa hakujua anaomba radhi ya nini. Mama yule alimkaribisha vizuri, akasogeza kiti, akajishusha taratibu kwa ajili ya nyonga. Alikuwa ameshaiona video. Mpwa wake alimtumia.

"Nimeitazama mara mbili," alisema. "Mara ya pili nilicheka, mwanangu. Mume wangu jioni zote alikuwa nalo gereji. Mimi niko hapa na nyonga yangu. Wangeniita, ningeshika nyundo."

Shangazi hakumlaumu, na hata mimi simlaumu. Lakini alirudi nyumbani akiwa amechafuka roho zaidi ya alivyoondoka, kwa sababu mtu pekee aliyekuwa na haki ya kucheka amecheka, na yeye bado kichefuchefu hakijaondoka. Alimweleza mumewe. Mumewe akafikiri sana, akasema pengine tatizo ni tumbo.

Sasa anafundisha udereva katika gari dogo lenye usukani mgumu na bango juu ya paa, na neno lake moja linamfaa kila siku. Kampuni changa imestawi. Ile video ilizunguka kila mahali, na toleo jipya liliisha kuuzwa kabla halijafika lote. Wakongwe nao wanaosubiri bado ni wengi. Hakuna aliyepata hasara.

Juzi tulikuwa kwao mezani, na kaka yangu, ambaye anapenda magari kama mgonjwa, akamuuliza kwa uzoefu wake yapi hasa ni bora. Shangazi alimjibu kwa haki kama alivyokuwa akiwajibu wateja: kwenye kona lile jipya haligusiki, kwa kuishi nalo la wakongwe. Kaka akataka kujua zaidi, wamiliki wake ni watu wa namna gani.

Shangazi aliweka kijiko chini na kumwambia kwamba hayo hayazungumzwi watu wakiwa wanakula.