Nilivyokwama Ndani ya Rinda Wakwe Wakiwa Mlangoni

Leo naweza kuisimulia nikicheka, lakini kuna kipindi nilikuwa naenda soko la Migori kwa kuzungukia nyuma ya majengo yote, jua likiniwakia utosini, ili tu nisipite mbele ya duka la Bi Zuhura. Aibu niliyoipata pale ndani, jamani, heri mniskize mimi mwenyewe, kwa sababu mkiipata kwa wengine wataongeza chumvi na hii haihitaji chumvi hata punje.

Bega langu la kulia liliganda. Sikuanguka, sikugongwa na pikipiki, lilianza tu kuuma kidogo kidogo mpaka nikawa siwezi kuchana nywele wala kufunga sidiria (wanaume mliopo mnisamehe). Hospitalini nikapelekwa kwa daktari wa mazoezi, kijana anaitwa Ouma, mpole wa maneno lakini mikono yake haijui upole ni nini, anakuinua mkono taratibu huku anakuuliza habari za shamba na wewe unamjibu kwa mayowe. Nyumbani alinipa kazi ya kupandisha vidole ukutani kama buibui, na nyingine ya kuinama mbele nikiuacha mkono uning'inie na kuyumba wenyewe. Nguo, akasema, nivae za vifungo mbele, na mkono mgonjwa uingie kwanza halafu utoke mwisho.

"Mama Adhiambo, bega limeanza kufunguka," akaniambia. "Tafadhali usililazimishe."

Nikasema sawa daktari.

Sasa, binti yangu Adhiambo alikuwa anaposwa. Wakwe walikuwa watoke kisiwa cha Takawiri, waje kwetu Jumamosi. Mama ya kijana, Mama Omondi, sikuwa nimewahi kumwona uso kwa uso, lakini tulikuwa tumeongea kwa simu mpaka sauti yake nikaijua kama ya mtangazaji wa redio, nzito, ya kukwaruza, na kicheko kinafika kabla ya maneno. Basi Ijumaa asubuhi akaweka picha yake kwa status. Yawa! Mama amevaa rinda la buluu limemkaa mwilini kama amezaliwa nalo. Nikaangalia kitenge changu kilichokuwa kimening'inia mlangoni, kipana, cha vifungo mbele, ungeweza kukifunikia gunia la mahindi. Nikaangalia picha tena. Nikachukua mkoba.

"Mama, unaenda wapi na wageni ni kesho?" Adhiambo akauliza.

"Naenda kununua vitunguu," nikamwambia (vitunguu vilikuwa vimejaa jikoni).

Bi Zuhura ni mtu wa Mombasa, anauza nguo za akina mama pale mjini na Kiswahili chake kinateleza mpaka unaona aibu kufungua mdomo. Nilichagua rinda la maruni, la kubana, halina zipu, halina kifungo, halina huruma.

"Mama, hili halitakubana?" akaniuliza.

"Linavutika," nikasema.

"Kuvutika linavutika, lakini nalo lina mwisho wake."

Nikaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo, nikavua blauzi na sketi nikabaki na petikoti, na kwa haraka ya kutaka kujiona nikasahau kila kitu alichonifundisha Ouma, nikatanguliza mkono mzima. Ukaingia vizuri, ukanyooka juu kabisa. Kichwa nacho kikafuata, kikafika kifuani mwa rinda kikakwama. Mkono mgonjwa nikausukuma uingie, na ukiwa nusu ya njia bega likalia, na maumivu niliyoyasikia sitawaeleza, ila niliona nyota mchana kweupe nikiwa gizani. Kwenda mbele haiwezekani, kurudi haiwezekani. Nilikuwa nimesimama mkono mmoja juu kama mtoto anayeomba ruhusa kwa mwalimu.

"Bi Zuhura," nikaita kwa sauti ndogo.

Akaja, akavuta juu, nikapiga nduru. Akavuta chini, nikapiga nyingine. Nikamwambia atoe simu yangu kwa mkoba ampigie Ouma daktari. Akapiga, haikushikwa. Akasema atachukua makasi, nikamkataza maana rinda nilikuwa bado nalitaka (hebu niambieni, akili gani hiyo?).

Hapo ndipo nikasikia wanawake wanaingia dukani, na katikati yao kicheko. Kikaja kwanza, halafu maneno: "Nitafutieni leso ya kichwa ya kufanana na rinda langu la kesho!"

Damu ikaniganda kama bega. Ilikuwa Mama Omondi. Baadaye nilielewa kwamba waliona kutoka kisiwani asubuhi hiyo hiyo ya sherehe ni hatari ya kuchelewa, wakaja siku moja mapema walale kwa jamaa yao. Lakini pale ndani nilifikiria jambo moja tu: uso wangu hauonekani, na nisipoongea, hata sauti hataijua. Nikaamua kunyamaza.

"Mama, unapumua?" Bi Zuhura akauliza. Kimya. "Mama?" Nikatikisa kichwa, yaani nilitikisa rinda. Akaona ni kifafa.

"Jamani nisaidieni, mteja anazimia huku!"

Nikarudi nyuma kumkwepa, nikakanyaga pazia, pazia likaanguka na fimbo yake, nikajua nimebaki wazi mbele ya duka zima na petikoti langu la kuchakaa. Nikasikia mikono migeni kiunoni. "Pole mama, pole, wacha tukusaidie," ile sauti ya redio ikasema karibu na sikio langu. Na mimi, bubu.

Simu ikalia. Bi Zuhura, Mungu ambariki, akaiweka kwa sauti kubwa.

"Mama Adhiambo! Ni Ouma, nimeona ulipiga. Bega limefanya nini?"

Ile mikono kiunoni ikaniachia.

"Mama Adhiambo?" Mama Omondi akasema polepole. "Yule wetu?"

Ningefanya nini? Nikasema kutoka ndani ya rinda, "Karibuni Migori."

Ouma akatoa maagizo kwa simu: niiname, niache mkono mgonjwa uning'inie, mtu avute kutoka mbele bila nguvu. Nikainama mbele ya mkwe wangu kama mbuzi anayechunwa, yeye akavuta, rinda likatoka, tukaangaliana. Nilikuwa na jasho, nywele zimesimama, machozi yananitoka. Akaniokotea blauzi, akaniingiza mkono mgonjwa kwanza kama Ouma alivyokuwa bado anaelekeza kwa simu, akanifunga vifungo mwenyewe. Alikuwa anatetemeka kwa kuzuia kicheko.

"Mimi nakuja kesho," akasema. "Leo sijakuona."

Na kesho yake kweli alikuja na uso mkavu kabisa, akina baba wamepanga viti, watu wanasalimiana kwa heshima zote. Alipofika kwangu akanyoosha mkono wa kushoto. Shemeji yangu mkubwa akashtuka: "Mama, wa kushoto tena, siku kama hii?"

"Wa kulia tulisalimiana jana," akamjibu, na kicheko kikamtoka, na mimi changu kikanitoka, tukashikana tukilia machozi huku wazee wanatutazama.

Adhiambo ameolewa na wanaishi vizuri. Lakini nimeapa: nikitaka nguo nampa Bi Zuhura vipimo, anituletee nyumbani, na nitaijaribu mlango umefungwa kwa komeo, simu imezimwa.