Taulo na Kipande cha Sabuni

Nakumbuka siku moja ya Desemba, niko Pasua, Moshi mjini, mlangoni kwa gesti, mswaki mdomoni, nikamwona Mzee Elia anakuja na gunia la pumba begani. Mzee Elia alikuwa jirani yetu kule juu mlimani, Mamba, na mzee wa kanisa. Nilitaka kurudi ndani, lakini alishaniona.

Mwanangu, ngoja kwanza nikueleze nilikuwa nafanya nini pale, maana najua utacheka. Enzi hizo nilikuwa msichana wa biashara. Natoa maharage Sanya Juu, nauza Singida, narudi na vitunguu. Njia nzima nilijua pa kulala kwa bei nafuu. Nilikuwa naingia gesti, naomba nione chumba kabla ya kulipa, nafunua shuka, nafungua bomba, natingisha komeo la mlango. Chumba cha mbele penye baa sitaki, nataka cha nyuma. Halafu namwambia mhudumu nalala siku tatu, anipunguzie. Walinipunguzia, nadhani kwa kuchoka kunisikiliza. Wenzangu walikuwa wakisafiri wananiuliza mimi kwanza, na sifa ile ilinilewesha.

Sasa mwaka huo vitunguu vyangu viliozea njiani, lori lilikwama matopeni siku tano. Na kwetu unajua Desemba ilivyo. Mtoto aliyetoka kutafuta haji kwao mikono mitupu. Mama anangoja khanga yake, shangazi wanataka sukari, mke wa baba mdogo naye anakutazama mfuko, hata jirani anapita kusalimia huku anakohoakohoa. Nikapiga hesabu nikaona kulala gesti Pasua mpaka Krismasi ni rahisi kuliko kulala nyumbani. Nitapanda sikukuu yenyewe, nimpe mama khanga yake, nile, niseme biashara inanisubiri, nishuke. Basi nikajiona nina akili kweli.

Nikatoa mswaki mdomoni. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Aika." Akatua gunia taratibu, akatazama kibao cha gesti, akanitazama mimi. "Umeingia lini?"

"Juzi."

Hakunifokea. Heri angefoka. Alisema tu, "Juzi mama yako alishuka barabarani na mwavuli. Jana pia. Ametandika kitanda chako, anasema leo utafika." Kisha akaniomba nimtwike gunia, akaondoka kutafuta gari.

Sikumaliza hata kupiga mswaki. Nilifunga mzigo wangu, nikapanda siku hiyo hiyo. Nilipofika kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba la migomba la ukoo, nilichuma jani la isale. Watoto wa siku hizi mnaliona ua la kupandia mipaka tu, lakini kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani lile, naye akilipokea amekusamehe. Nilimkuta mama zizini anamkatia majani beberu wake, yule aliyemnonesha mwaka mzima kwa ajili ya Krismasi. Nikampa jani kwa mikono miwili.

Akalitazama. "La nini? Kwani tumegombana?"

Nikamweleza yote, vitunguu, shangazi na gesti. Mama akalichomeka lile jani kwenye nyasi za banda, akajifuta mikono. Akaniuliza swali moja tu. "Huko gesti kuna nini?"

Hapa ndipo nilipokosea zaidi, mwanangu. Nilifurahi kuona hajakasirika, ulimi ukanifunguka. Nikamsimulia kuhusu shuka nyeupe, godoro la sponji, taulo limekunjwa juu ya kitanda, kipande kidogo cha sabuni juu ya taulo, ndala chini ya kitanda. Nilikuwa nasimulia kama mtu aliyetoka Ulaya. Na mama anaitikia, eeh, eeh, kumbe. Nilidhani namchekesha.

Tulikula sikukuu vizuri mwaka ule. Shangazi hawakuniuliza sukari hata mmoja, walikuwa wanataka habari za Singida. Hofu yangu yote ilikuwa ya bure.

Mwaka uliofuata biashara ilinyooka. Nikapanda mapema na mizigo yangu, sukari, khanga, kila mtu na chake. Nikapita zizini, beberu wa Krismasi ya mwaka huo hayupo. Nikamuuliza mama, akasema niweke kwanza mzigo chumbani.

Nikafungua mlango. Ukuta umepakwa chokaa. Kile kitanda chetu cha godoro la majani makavu ya migomba kina godoro la sponji. Shuka nyeupe. Taulo limekunjwa, si vizuri sana, upande mmoja umezidi. Juu yake kipande cha sabuni ya kufulia, amekikata kwa kisu kiwe kidogo kama nilivyomwambia. Chini ya kitanda ndala mpya, zote mbili za mguu wa kushoto, sijui nani alimuuzia.

Alikuwa amesimama nyuma yangu, anavuta khanga yake. "Sasa Aika," akasema, "mjini utalala kwa sababu gani?"

Nililia, mwanangu. Mama alidhani ni zile ndala, akasema atazibadilisha.

Krismasi ile ya pili tulikula ndizi na maharage. Shangazi waliuliza beberu yuko wapi, mama akawaambia alikohoa, akauzwa. Sikuthubutu kuinua uso. Mama aliishi miaka mingine kumi na moja baada ya hapo, na kila Desemba nililala chumba kile. Sasa yeye amelala upande wa chini wa kihamba, karibu na kaburi la baba. Nyumba nimeijenga upya kwa matofali, maji yanatoka ndani, na bado nikisikia gari linasimama barabarani saa za jioni natamani niwe mimi ndiye nimefika, na mtu mmoja tu anishukie na mwavuli. Hamu hiyo haijaisha, na kwa umri wangu huu nadhani sitaimaliza.

Juzi ulinitumia picha kwenye simu, loji iko mjini Moshi, bei nzuri, na chai ya asubuhi humo humo. Umesema hutaki kunisumbua Desemba. Nimekusikia. Loji ni nzuri, na kutafuta bei umerithi kwangu.

Basi sikiliza. Ukiwa Singida, ukiwa Mbeya, ukiwa popote usipomjua mtu, tafuta pa rahisi bila aibu. Omba uone chumba, funua shuka, tingisha komeo, omba wapunguze. Lakini mahali ambapo kuna mtu amekutandikia, usipige hesabu. Njoo hata kama mfuko ni mtupu. Anayekungoja anakungoja wewe, na ukimficha sura yako kwa kuona aibu ya sukari, atadhani kitanda chake ndicho kibaya, na atauza alichonacho ili akirekebishe.

Mungu akufungulie njia, akupe usingizi mwema kwenye kila kitanda utakachokilalia, na akufikishe salama. Chumba nimeshafagia. Taulo nimelikunja, sabuni ipo juu yake. Ndala nimezikagua mwenyewe, moja ni ya kulia.