Mzee Aliyechuchumaa Mbele ya Karani

Juzi nilipanga foleni hapa Lurambi kujiandikisha kupiga kura. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja, shati lake limepigwa pasi vizuri. Karani, msichana wa umri wa binti yake, alipoita "Anayefuata!", mzee akachuchumaa ghafla, mikono juu ya magoti. Hivyo ndivyo wafungwa huhesabiwa jela. Sote tukaelewa, na mama mmoja nyuma yangu akaguna, "Kumbe hata hawa wanapiganga kura?"

Mzee akainuka, akageuka kuondoka. "Samahani, madam. Nilitoka mwaka jana. Niliambiwa sisi hatupiganga."

"Kifungo umemaliza, baba?"

"Nimemaliza."

"Basi hakuna sheria inakukataza. Leta vidole."

Akavinyoosha vyote kumi, akatazama pembeni, akisubiri kushikwa kwa nguvu. Karani hakumshika. Alingoja mzee abonyeze mwenyewe kwenye mashine ya alama za vidole.

Zamu ya yule mama ilipofika, baada yangu, alipekua mkoba hadi chini. Kitambulisho kilikuwa kimebaki nyumbani. Sisi raia wema tukatazama viatu vyetu.

Mzee ndiye aliyerudi kutoka langoni. "Kimbia ukichukue, mama," akasema. "Nitakushikia laini."

Akasimama pale kwa niaba yake, wima.